Chemchemi ya Mwanda na Majina ya Mtu Mmoja

Siku tuliyotembea mpaka wa shamba letu kule Mwanda ninaikumbuka vizuri, mwanangu, na siku hizi ninaikumbuka kwa hasira. Nilikuwa msichana mkubwa, karibu nimalize sekondari. Baba yangu, Mwakio, alikuwa amekosana na jirani yake, Samba, juu ya chemchemi iliyo kati ya mashamba yao. Baba alishikilia kwamba yote ni ya ukoo wetu. Samba alisema ni ya nyumba zote mbili, kama wazee wao walivyoiacha. Wakaacha kusalimiana. Mimi na Mkawasi, binti yake Samba, tuliokuwa tukiteka maji pamoja kila asubuhi na kurudi tukipiga soga, ikawa tunapishana njiani kama watu wasiojuana.

Aliitwa Mzee Mwadime, mwamuzi wa kijiji, aje kusikiliza. Sasa nikueleze, kwa sababu najua wewe umekulia Voi na mambo haya huyajui. Kwetu kesi ya mpaka haikuamuliwa watu wakiwa wamekaa. Watu wa nyumba zote mbili, hata wanawake na watoto, walifuata mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mpakani. Jirani alitangulia kuonyesha, mwenye shamba akafuata nyuma. Aliyeona kosa alisema "hapo simama", na wote walisimama mpaka jambo hilo lieleweke. Halafu mlirudi mwanzo, mwenye shamba akatangulia yeye, jirani akafuata. Ilikuwa kazi ya kuchosha, siku nzima inaisha na watoto wanalia njaa. Lakini jioni hakuna aliyeweza kusema hakujua.

Baba hakutaka kuchoka. Alikusanya ndugu zake na binamu zake, wakala kwetu, wakapanga la kusema. Mzee Mwadime alipofika wakasimama mmoja baada ya mwingine kutoa maneno yale yale, hata mahali pa kukohoa palikuwa pale pale. Mzee aliwasikiliza wote kwa adabu, akamaliza chai yake, kisha akamgeukia baba.

"Mwakio," akasema, "hawa si mashahidi. Huyu ni wewe, umesema mara nyingi."

Sijawahi kumwona baba akinyamazishwa vile ndani ya boma lake mwenyewe. Na mzee hakuishia hapo. Alisema kwamba hata yeye hafai kuamua, kwa kuwa mke wake ni dada yake baba, na akaagiza aitwe mzee wa kijiji cha Mgange asiye na shamba wala mkwe pale kwetu. Tukamngoja mpaka akaja. Siku ya kutembea, Samba alitangulia, na baba akamsimamisha kila hatua, mpaka sisi watoto tukachoka kusimama. Ilipofika zamu ya baba kutangulia, alifuata yale masale makuukuu, akafika kwenye mawe ya chemchemi, akasimama mwenyewe kabla Samba hajafungua mdomo. Akasema, "Mpaka unapita hapa katikati." Kesho yake mimi na Mkawasi tuliteka maji pamoja.

Sasa nije kwa yaliyonifanya nikuite uketi hapa. Wewe unajua kwamba tangu niache kufundisha, nimekuwa nikiandika katika kamusi elezo ya mtandaoni ya Kiswahili, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea na kusomwa bure. Hakuna anayetulipa hata nauli. Ukurasa wa Mwanda niliuanzisha mimi, na habari ya chemchemi, kwamba ni ya nyumba zote mbili, niliitoa katika kitabu cha historia ya vijiji vyetu kilichochapishwa zamani, nikakitaja pale chini ili mwenye shaka akakisome. Nikaendelea na kurasa nyingine.

Mwezi uliopita Mkawasi alinipigia simu. Kamati ya mradi wa maji ilikuwa imekutana kuamua bomba la kutoka kwenye chemchemi lielekee wapi, na mtu mmoja akasimama na simu yake, akasoma kwamba maji yale ni ya ukoo wetu tangu zamani na watu wa upande wa pili ni wageni waliokaribishwa juzi. Alipoulizwa ametoa wapi, akajibu kwamba imeandikwa kwenye kamusi. Kamati ikaamua bomba lipelekwe upande wetu peke yake kwanza.

"Dada, mmetuandika wageni," Mkawasi akaniambia. "Wewe si ulitembea ule mpaka na mimi?"

Nilifungua ukurasa. Sentensi yangu ilikuwa imefutwa na kitabu kimeondolewa. Penye kitabu waliweka gazeti la mtandaoni. Nikalifungua hilo gazeti, nikakuta limenakili ukurasa wetu neno kwa neno. Yaani gazeti limeegemea ukurasa na ukurasa umeegemea gazeti, kama walevi wawili wanaorudi nyumbani. Nikaenda kwenye ukurasa wa majadiliano. Huko palikuwa na majina chungu nzima, yote yanakubaliana, yote yamefunguliwa karibu wakati mmoja, na hakuna hata moja lililowahi kuandika jambo lingine lolote. Majina hayo hayo ndiyo yaliyopiga kura kumfanya mmoja wao kuwa msimamizi, na huyo msimamizi akaufunga ukurasa ili wengine wasiuguse. Nilipolalamika, akanizuia kuandika. Sababu aliyoweka ni kwamba ninaleta vurugu.

Na nyinyi vijana wa kikundi chetu cha kuandika kamusi, wakati wa kura hiyo mlikuwa wapi? Mlikuwa mnashindana nani ameanzisha kurasa nyingi. Kurasa zenyewe wengine mnaiambia akili bandia iwaandikie, inawatungia vitabu visivyokuwepo, na mnabandika hivyo hivyo bila hata kuvitafuta. Nimesema mpaka nimechoka. Kura ikitangazwa mnaniambia, mwalimu, hayo ni mambo ya siasa. Haya, siasa ndiyo hiyo imemnyima Mkawasi maji.

Msimamizi huyo sikuwa na haja ya kumtafuta mbali. Ni Mwangeka, mtoto wa kaka yangu, yule anayeuza simu pale mjini. Alikuja kula kwangu Jumapili, akaniuliza akitabasamu kama nimeona alivyotupigania. Nilipomwambia ninachofikiria, alishangaa kabisa.

"Shangazi, kwani wewe uko side gani? Hiyo maji ni yetu. Na si nyinyi ndio husema mtu yeyote anaweza kuandika?"

"Yeyote anaweza kuandika," nikamwambia. "Lakini hao wote si watu, Mwangeka. Huyo ni wewe, umesema mara nyingi."

Akacheka. Hakujua kwamba maneno hayo yalimnyamazisha babu yake.

Wapo kikundini walionishauri nasi tufungue majina mengi, tumshinde kwa kura. Niliwakasirikia hao kuliko nilivyomkasirikia Mwangeka, maana yeye angalau alidhani anasaidia watu wake. Wala sikutaka kuamua mwenyewe. Ukoo unaotajwa ni wangu, na anayelalamika ni rafiki yangu wa utotoni. Niliwaandikia wahariri wa mbali, mmoja wao kijana wa kule Mata asiye na shamba wala mkwe Mwanda, nikawaomba wapitie historia ya ukurasa, kwa sababu kule kila badiliko huhifadhiwa. Walituita mimi na Mwangeka tujieleze hadharani. Mwangeka hakuwa na la kuonyesha isipokuwa lile gazeti. Wakamvua usimamizi, wakayafunga yale majina, wakakirudisha kitabu mahali pake. Kisha wakatuambia sote wawili, mimi pia, tusiuguse tena ukurasa huo. Iliniuma, nisikudanganye. Lakini nilikubali.

Ungefikiri yameisha. Gazeti nimeliandikia mara kadhaa na halijibu. Picha ya ukurasa wa zamani bado inazunguka kwenye simu za watu, na kamati bado inaisoma hiyo. Bomba limefika upande wetu. Mkawasi, na magoti yake yale mabovu, bado anapanda na mtungi.

Wiki iliyopita nilimpeleka Mwangeka Mwanda. Alivaa viatu vyeupe, sijui alidhani tunaenda harusini. Nilimwomba Mkawasi atangulie kwenye masale, Mwangeka afuate, nami nikaja nyuma yao. Njia nzima hakusema "hapo simama" hata mara moja, maana hakujua lolote la kupinga. Walipofika kwenye chemchemi, Mkawasi alimwonyesha jiwe.

"Babu yako alisimama hapa, mwanangu. Akasema mwenyewe kwamba ni katikati."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na sisi wote tukisikia."

Mwangeka akauchukua mtungi wa Mkawasi, akaujaza, akaubeba mpaka nyumbani kwake, viatu vikiwa vimeshakuwa vyekundu kwa udongo. Anasema kamati ikikutana tena atasimama na kueleza alichofanya. Akisimama, nitamsamehe. Kwa sasa bado nina hasira.

Basi nikuambie nililokuitia. Unapoandika jambo linalowahusu watu wengine, taja ulikolitoa, na hakikisha hukulitoa kwenye maneno yako mwenyewe yaliyozunguka yakarudi. Andika kwa jina moja. Jambo likiwa la ndugu zako, waachie wengine waliamue, hata kama unalijua kuliko wao. Na kura ikitangazwa, acha kurasa zako, uende ukaangalie wanaopiga ni akina nani. Kazi hii haina mlinzi anayelipwa, mwanangu. Mlinzi ni yule aliyechoka lakini akaamka kuangalia, na mimi macho yangu yanazeeka.

Mungu akulinde, akupe subira ya kutembea mpaka wote. Akupe jirani asiyeogopa kukuambia "hapo simama", na siku atakapokuambia, akujalie usimame.