Mtandika Vitanda wa Treni ya Kisumu

"Mama Becky, huyo mzee unayempelekea uji kila asubuhi, kwani hana mtoto?"

Jirani yangu Philister aliniuliza hivyo mwaka wa 2008, tukianika nguo hapa Kabiria. Nikamjibu anaye, anaitwa Ciru, anakaa Mountain View.

"Mountain View hii? Si hata kwa miguu anafika!"

Nikachukua nguo nyingine nikaianika. Sababu ya Ciru kutofika naijua, na kipande chake ni changu.

Mzee Waithaka alitandika vitanda kwenye treni ya Kisumu miaka ishirini na sita. Siku hizo watu walienda stesheni ya Nairobi wamevaa nguo za Jumapili. Familia za Kihindi zilikuja na masanduku na vikapu vya chakula, walimu wakirudi kwao Nyanza, wapagazi wakigombania mizigo. Treni ikishaondoka jioni, mwenzake alipita na kengele ndogo kuita watu kwenye chakula. Abiria wakiwa mezani, Waithaka aliingia vyumbani mwao na shuka nyeupe. Wakirudi walikuta vitanda tayari. Wengi hawakuwahi kuuona uso wake.

Reli ilipita karibu na kwao, kabla ya kufika Dagoretti. Mkewe, Wanjugu, alisimama kando na taa ya chemni, akaipandisha na kuishusha mara mbili. Waithaka aliacha shuka akachungulia dirishani. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao kila safari. Ila Jumatano jioni tulikuwa na maombi ya akina mama kanisani, na mara nyingine Wanjugu alichagua kuja kwetu. Kwa hivyo Waithaka asipoona taa siku ya Jumatano hakuwa na wasiwasi. Na sisi tusipomwona Wanjugu tulisema, "Leo amemwendea bwana yake," tukacheka, tukafungua Biblia.

Jumatano moja mwaka wa 2003 hakwenda relini wala hakuja kanisani. Alikuwa ameanguka jikoni. Ciru alitoka kazini akamkuta bado ana pumzi, lakini hospitali hawakuifikia. Waithaka alitandika vitanda vya watu mpaka cha mwisho, akaja kuambiwa asubuhi kule Kisumu.

Siku ya mazishi Ciru alimwambia mbele yetu, "Baba, ulipita hapo nje. Ulipita ukaenda." Tangu hapo hajaingia nyumba ile.

Baadaye kazi ikaisha, wengi wao walipunguzwa. Mwaka huo wa 2008 nilimsindikiza Mzee town kufuata karatasi zake za pensheni, akataka tupitie stesheni. Ilikuwa saa saba mchana, na pale treni zinaposimama hapakuwa na mtu ila askari wa lango, Odhiambo, anayemjua tangu zamani.

"Baba Ciru! Umekuja kututandikia?"

"Nani atalala, wewe?"

"Mimi hulala nimesimama, mzee. Treni ya Kisumu ndiyo imelala, tangu vurugu za uchaguzi haijaamka."

Waithaka alicheka kidogo. Halafu akakaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, akaniuliza bila kunitazama, "Jumatano ile, nyinyi huko kanisani hamkumkosa?"

Nikamwambia ukweli. Tulimkosa, tukamfanyia mzaha, na hakuna hata mmoja wetu aliyetembea dakika tano kwenda kumwangalia. Hakunikasirikia. Heri angenikasirikia.

Wiki iliyofuata nilienda Mountain View nikamwambia Ciru maneno hayo hayo, kwamba kama ni kosa basi si la baba yake peke yake. Alinimiminia chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia, Mama Becky," akasema.

Hakuniuliza hali ya baba yake. Nilirudi nyumbani, nikapiga magoti, na bado naomba.

Sasa mwaka umepita na Mzee hatoki kitandani. Daktari hakutuficha, siku zake si nyingi. Watu wa kanisa huja Jumapili, wanaimba wimbo mmoja, wanakwenda. Jana nilipomaliza kumsomea Zaburi nilimuuliza kama kuna jambo lingine naweza kumfanyia.

"Nenda kwa Ciru mara moja tena," akasema. "Mwambie simwiti aje kunisamehe. Aje tu anieleze siku ile wakienda hospitali mama yake alisema nini."