Badilisha Zote

Juzi binti wa dada yangu, ninayekaa kwao hapa Mbeya, kanionyesha video kwenye simu. Mtu anafundisha njia za mkato za kibodi kwa wanaopanga kurasa kwenye kompyuta. Bonyeza hiki na hiki, unaokoa muda. Bonyeza vitatu pamoja, unaokoa zaidi. "Mama mdogo, si ndiyo kazi yako hii?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, niliifanya Mafinga mpaka waliponitoa kwenye kiti, na hizo njia nazijua. Kinachonikera ni kwamba huyo wa kwenye video hasemi muda ukishaokolewa unakwenda kwa nani. Ngoja niseme mimi.

Niliishia darasa la saba. Mkono wangu wa kushoto umebaki na kidole gumba tu. Vingine vilikwenda na mkanda wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, kule Makongolosi. Mkanda ulikuwa na kava lake la bati. Mwenye karasha aliamuru litolewe, maana kila mkanda ulipochomoka ilibidi kwanza kufungua nati za kava, na yeye alitaka mawe yaende. Hospitali akawaambia nilikuwa nasinzia. Sikuwa nasinzia. Aliyetoa kava ni yeye, na hadi leo akipita na gari lake hapa mjini ananipigia honi, eti tunajuana.

Kompyuta nilijifunzia Mafinga, kwenye steshenari ya mama mmoja ambaye wote tulimwita Dada, hata sisi tuliomzidi umri. Alinichukua nikiwa wa kufagia na kukunja karatasi, nikawa natazama, nikajua. Hilo namshukuru, sitalificha. Pale palikuwa na fotokopi, kadi za harusi, vyeti vya semina, lakini hasa ratiba za mazishi. Huku kwetu siku hizi mtu hazikwi bila kijitabu: mbele picha yake, ndani wasifu, kisha misa na nyimbo. Watu wanakwenda nacho nyumbani, wanakichomeka kwenye kabati la vyombo, kinakaa miaka.

Ukitaka picha ya marehemu iingie kwenye ukurasa, unabonyeza Kontroli na D. Ukiikuza, ushike Kontroli na Shifti wakati unavuta pembe, la sivyo uso unapanuka kama boga na watoto wake wanalia mara ya pili. Ukikosea, Kontroli na Z inakurudisha. Mwenye vidole vyote, mkono wake wa kushoto unakaa pale pembeni ya kibodi umetulia kama kuku anayeatamia, wa kulia hauachi mausi. Mimi gumba linashika Kontroli, mkono wa kulia unaachia mausi, unapiga herufi, unarudi kwenye mausi, unaanza kutafuta mshale umekimbilia wapi. Mkato wa wenzangu kwangu ni mzunguko. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu wangu. Nilikuwa na faili moja tupu, fremu zote ziko mahali pake, sala zimeshaandikwa na kusomwa, sehemu ya marehemu nyeupe. Kila msiba naanzia hapo. Tukimaliza natoa nakala moja tu, naisoma na kalamu mkononi, ndipo nachapa zote. Ni taratibu, ndiyo. Lakini hakuna msiba uliorudi dukani kulalamika.

Halafu akaja mdogo wake Dada, wa kiume, katoka chuo Dar. Siku ya kwanza tu akachapa karatasi ya njia za mkato akaibandika juu ya kioo changu, kama amri.

"Maza," akaniambia, "unachapa kama unapanda mahindi. Shimo, mbegu, fukia. Shimo, mbegu, fukia."

Wateja wakacheka. Dada naye akacheka. "Msikilize, mwenzio kasoma," akasema.

"Namsikia, Dada. Mahindi yanaota lakini."

Nilijua tunakoelekea. Kompyuta ya kupangia kurasa ilikuwa moja na kiti kimoja. Nikitolewa pale, wilaya nzima ya Mufindi ningefanya nini? Chai inachumwa kwa mikono miwili, jembe linataka mikono miwili, hata kukamua nguo kunataka miwili. Kile kiti ndicho kilikuwa kimenifanya tena mtu wa kuitwa fundi.

Basi akaja kaka mmoja kutoka Igowole. Baba yake amefariki, Mkatoliki, anazikwa kesho yake mchana. Alikuwa na wasifu kwenye karatasi ya daftari na picha kwenye simu. Nikafungua faili langu tupu, nikaanza. Nilikuwa nimeshaweka picha, naandika kuzaliwa kwake, nikasikia pumzi ya yule kijana begani.

"Maza, unaanza upya? Wiki iliyopita si tumefanya wa yule mama Mkatoliki? Fungua ule ule. Unamtoa mama, unamweka mzee, dakika mbili."

"Sifanyi hivyo. Marehemu mmoja hamwachii mwingine nguo zake."

"Mpishe," Dada akasema kutoka kaunta. "Kaka wa watu ana safari. Wewe njoo huku kwenye fotokopi, wanafunzi wamejaa."

Nikasimama. Kijana akakaa. Akafungua kijitabu cha yule mama, akabadilisha jina, akabadilisha picha, akaingiza wasifu wa kwenye daftari, kisha akabonyeza Kontroli na F, panapotafutwa maneno. Juu akaandika mama, chini akaandika baba. Akabofya badilisha zote, mashine ikafanya kazi kabla hujapepesa macho. Akanigeukia, akatabasamu. Nikamwambia, "Toa nakala moja asome." Akamwambia mteja, "Bro, angalia jina na picha, mengine ni yale yale ya kanisa." Yule kaka macho yamevimba, akaangalia jina, akaangalia picha, akasema sawa. Wakachapa, wakakunja wenyewe, akaondoka nazo.

Asubuhi iliyofuata ndiyo tunafungua mlango, gari likasimama kwa kishindo. Yule kaka akaingia na boksi, akaliweka kaunta. Hakusema hata kamwene, ile salamu ya kule.

"Someni."

Dada akachukua kimoja. Jana yake kwenye rozari, nyumbani kwa msiba, walikuwa wamevigawa. Watu wengi wanajua sala kwa kichwa, lakini vijana walikuwa wanafuata karatasi, na karatasi ilisema Maria Mtakatifu, Baba wa Mungu. Kijana mmoja akasoma kwa sauti vile vile kama ilivyoandikwa, wengine wakashindwa kujizuia. Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele, jeneza liko katikati. Wakageuza ukurasa wa misa. Palipokuwa pameandikwa "wote wanasimama", sasa paliandikwa "wote wanasibaba", maana neno mama lilikuwa limejificha humo ndani na mashine haina huruma. Kwenye wasifu, marehemu alikuwa amezaliwa na baba wawili.

"Mama yangu alitoka nje," yule kaka akasema. "Mume wake kalala pale, watu wanacheka. Nani kafanya hii?"

Dada hakunitazama. Akautazama mkono wangu.

"Kaka, tusamehe sana," akasema. "Ni huyu mama wetu. Unamwona mwenyewe hali yake. Tunamsaidia tu."

Yule kaka akautazama mkono. Nikaona hasira inamtoka usoni, kidogo kidogo, pakaingia kile kitu ninachokichukia kuliko hasira. "Basi," akasema. "Basi, mama. Mungu anaona. Yamekwisha."

Kama ningenyamaza hapo, kiti kingebaki changu. Nilijua hivyo, na Dada alijua kwamba najua, ndiyo maana alianza kupanga karatasi kwenye printa kama mambo yamemalizika. Kijana alikuwa anachezea simu.

"Kaka, usinisamehe," nikasema. "Wewe mwenyewe ulikuwa umesimama hapa. Uliniona natolewa kwenye kiti. Aliyebonyeza ni huyu kijana, na aliyenitoa ni Dada."

Dada akapiga kaunta. "Unaona shukrani ya watu wa Mbeya?"

"Mama," yule kaka akaniambia, sauti imekauka, "mimi nina baba ndani ya jeneza. Nani kafanya mtajuana. Nani atarekebisha?"

Kijana akawahi kukaa. "Ndogo sana hiyo," akasema, na kabla hatujajua anataka nini, kaandika baba juu, mama chini, kabofya badilisha zote. Kioo kikaonyesha ukurasa wa sala: Mama yetu uliye mbinguni. Na yule mzee wa watu, chini ya picha yake yenye masharubu, akawa mama yetu mpendwa.

Yule kaka akashika kichwa. Akavuta kiti mwenyewe, kijana akiwa bado hajainuka vizuri, akaniambia, "Kaa."

Nikafungua faili langu tupu. Akanisomea kutoka kwenye daftari, mimi nikaandika. Alipofika pale baba yake alipopanda miti ya kwanza kwa mkono kwenye kilima cha nyuma ya nyumba, akashindwa kusoma. Nikamsubiri. Hakuna kitufe cha hapo. Akaendelea. Tukatoa nakala moja, akaisoma yote na kalamu, akapata kosa langu moja kwenye jina la kijiji, nikalisahihisha. Tukachapa. Akashika boksi, akaniambia asante, akampita Dada, akaondoka kuwahi maziko.

Sijui kama aliniamini. Sikuwahi kumwona tena.

Dada alingoja gari lipotee. "Kwa mteja hutaji ndugu yangu," akasema.

"Si wewe ulianza kunitaja?"

"Wewe angekusamehe. Alishakusamehe! Huyu kijana ndiyo kwanza anaanza maisha, anaharibiwa jina kwa nini?" Akapunguza sauti, akaniita mdogo wangu, mimi niliyemzidi umri. "Sikiliza. Matanga yakiisha, utampigia yule kaka. Utamwambia ulichanganyikiwa, ni wewe. Kesho unakuja kazini kama kawaida, tunasahau."

Kule Makongolosi nilikuwa nimelala kitandani na bendeji, sikuwa na nguvu ya kubisha, wakaandika nilisinzia. Mafinga nilikuwa nimekaa na akili zangu zote.

"Simpigii," nikasema.

"Basi mpishe."

Nikafunga faili langu. Nikatoa sweta langu kwenye mgongo wa kiti, na yule kijana akakaa kabla sijamaliza kulivaa.