Bangili Kumi na Moja za Hürü

Kwetu Kayseri, huko Uturuki, mwanamke hapimwi kwa urefu wala kwa rangi, hupimwa kwa manti. Unga unakandwa, unasukumwa mpaka uwe kama karatasi, unakatwa vipande, kila kipande kinafichiwa nyama na kufumbwa pembe zake, kisha vinachemshwa na kumwagiwa mtindi wenye vitunguu saumu. Mpishi wa kawaida huingiza vipande ishirini kwenye kijiko kimoja. Mpishi hodari, arobaini. Hürü aliingiza sitini na kimoja, na wapo wanaoapa kuwa walihesabu sitini na vitatu, lakini hao walikula bure siku hiyo, msiwaamini sana. Ninalojua kwa hakika ni kwamba mzee Rüstem wa duka la viatu alipiga chafya mbele ya sahani yake, manti yote ikapaa ikanata darini, na mpaka leo wanaoketi chini ya dari ile hufungua mwavuli.

Basi Hürü huyo aliolewa na Nurullah, mtoto wa pekee wa Bi Makbule. Nurullah hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfuga njiwa. Alijua jina la kila njiwa wake, na babu yake, na ugonjwa uliomuua babu yake, lakini ukimuuliza yeye mwenyewe atakula nini mchana alisema, "Muulize mama." Ukimuuliza kama kuna baridi nje, "Muulize mama."

Siku ya harusi, ulipofika wakati wa kutunza, maharusi walisimama mbele, ndugu wakapanga foleni, kila mmoja akamvisha bibi harusi au akambandika chake, na mtu wa kipaza sauti akatangaza nani katoa nini, maana zawadi isiyotangazwa pale kwetu ni sawa na mvua iliyonyesha baharini. Shangazi, sarafu moja ya dhahabu. Mjomba, sarafu moja. Kisha akaja Bi Makbule, kajinyoosha kama mnara, akaanza kuvisha bangili za kusokotwa, karati ishirini na mbili: moja, mbili, tano, nane, kumi na moja. Mtu wa kipaza sauti akatangaza. Bi Makbule akamwambia hakusikika vizuri. Akatangaza tena. Akamgeuza kwa mabega yake hadi akaelekea dirishani, akatangaza mara ya tatu, wapate kusikia na wale ambao hawakualikwa. Mkono wa kulia wa Hürü ulikuwa mzito hata akacheza ngoma yote kapinda upande, kama mzani wa muuza viazi.

Siku ya tatu mama mkwe alikuja na mfuko wa mahameri. Alisema kwa sauti ya asali kuwa dhahabu na unga haviendi pamoja, mwanangu, lete nikuhifadhie. Hürü akavua, akampa. Tangu hapo bangili zake akawa anazisikia tu. Kila Ijumaa, baada ya kuoga, Bi Makbule alijifungia chumbani akazivaa, na kupitia ukutani Hürü alisikia kring, kring, akijua mama mkwe sasa yuko mbele ya kioo.

Miaka minne ikapita. Hürü alikuwa na ndoto moja tu, ila kubwa: duka la manti, mlango wake mwenyewe, meza ndefu ya mbao na wanawake wanne wa kufumba naye. Alipata chumba mtaa wa nyuma, kodi anaiweza mtu mwenye bangili. Akamwambia mumewe anataka dhahabu yake. Nurullah alikuwa anampulizia njiwa machoni. Akasema, "Muulize mama." Akamuuliza mama, huku mikono yake i ndani ya unga mpaka kwenye viwiko. Bi Makbule akamtazama kama mtu anayetazama mlango usiomhusu.

"Bangili gani?" akasema.

Hürü hakunawa. Alitoka hivyohivyo, saa sita mchana, miguuni ndala, mikono kaitandaza unga usimdondoke, akakatiza mtaa mzima hadi kwa mama yake. Kuku walimfuata. Wanasema jua lilikuwa kali kiasi kwamba alipofika, unga wa mkono wa kushoto ulikuwa umeiva, mama yake akaumega akala na jibini.

Talaka yenyewe haikuwa na ubishi. Nurullah aliulizwa na hakimu kama anakubali kuachana, akageuka kumtazama mama yake, na hakimu akaona hilo linatosha. Kesi ilikuwa ni dhahabu. Na sheria ya dhahabu ni hii, kama wakili Sevim alivyomweleza Hürü: alichovishwa mwanamke harusini ni chake. Lakini dhahabu ni kitu cha mkononi, kinakwenda aendako mwenyewe. Mwanamke akiondoka nyumbani, mahakama inachukulia kuwa kaondoka nayo. Akisema ameiacha, ni juu yake kuthibitisha. Sevim alikuwa msichana mdogo mwenye miwani mikubwa, kesi yake ya tatu hiyo, na mbili za kwanza alikuwa ameshindwa.

Kikao cha kwanza wakaonyesha video ya harusi. Mkaguzi wa mahakama aliitazama mara saba, akaandika kuwa ameona bangili kumi na moja na pia mtoto mmoja akiiba keki. Bi Makbule hakukana. Angekanaje, naye katangaziwa mara tatu? Wakili wake, bwana mmoja kapaka nywele mafuta, alisema tu: zilikuwepo, naam, na bibi huyu kaondoka nazo.

Kikao cha pili Sevim akaleta mashahidi saba. Muuza mkate, kinyozi, mke wa kinyozi, wote waliomwona Hürü siku ile akipita, na kila mmoja akaapa mikono yake ilikuwa mitupu. Mitupu kabisa? akauliza yule wakili. Mitupu, ila unga. Unga mpaka wapi? Mpaka viwikoni. Unene wake? Hapo mashahidi wakaanza kugombana, huyu kidole kimoja, yule vidole viwili, na mzee Rüstem, aliyekuwa shahidi wa sita, akaonyesha unene wa mto wa kulalia. Wakili akatabasamu, akainama mbele ya hakimu.

"Mheshimiwa, chini ya unga wa namna hiyo zinaenea bangili kumi na moja na saa ya ukutani."

Watu walicheka mpaka hakimu mwenyewe, mama wa makamo aliyekuwa na mafua, akalazimika kujifuta macho. Akapanga kikao cha mwisho. Pale ukumbini nje Sevim akamwambia Hürü ukweli: "Dada, wote wameona unga, hakuna aliyeona bangili kwa Makbule. Asipokiri mwenyewe, hatuna kitu." Na atakiri vipi, mtu aliyekatazwa na wakili wake hata kupiga miayo?

Wiki mbili Hürü alifumba manti na kufikiri. Hakumwambia mtu, hata Sevim. Hasa Sevim.

Kikao cha mwisho kilijaa. Wanawake wa mtaa wote walikuja na mbegu zao za alizeti, kama wanakwenda harusini, maana kesi ya dhahabu kwa Kayseri ni tamu kuliko harusi yenyewe, na huchangii kitu. Mbele kabisa aliketi Döndü, jirani wa Bi Makbule, ambaye kwa miaka ishirini na mbili hawajawahi kukubaliana hata juu ya siku ya Jumanne. Hakimu akauliza kama kuna la mwisho. Hürü akasimama.

"Mheshimiwa, nimechoka. Naomba iandikwe kwamba zile bangili hazikuwa dhahabu. Zilikuwa shaba. Ziliniacha na alama ya kijani mkononi. Nilinyamaza kwa kumstahi mama mkwe, mtu asije akasema kamvisha mkwewe shaba mbele ya mji."

Kalamu ya Sevim ikadondoka, ikabingirika hadi miguuni mwa karani. Likishaandikwa neno lile na Bi Makbule akanyamaza, basi: hakuna dhahabu, hakuna duka, hakuna meza ndefu, na Hürü mwenyewe ndiye aliyeyazika. Yule wakili wa mafuta akaruka kwa furaha, akasema wanakubali, Mheshimiwa, wanakubali kwa moyo mkunjufu, na iandikwe hivyohivyo. Karani akaweka vidole juu ya mashine. Wakili akamshika Bi Makbule mkono, akambana, maana yake: mama, kimya, tumeshinda.

Bi Makbule akaung'ang'ania ukingo wa benchi. Alihesabu pumzi. Rangi ilimpanda kutoka shingoni, nyekundu, kisha zambarau, kisha rangi moja ambayo haijapewa jina.

Ndipo Döndü akatema ganda la mbegu, akamwambia aliyeketi kando yake kwa sauti ya kunong'ona inayofika soko la kuku, "Nilijua mimi. Dhahabu hutangazwa mara moja. Kinachopigiwa debe mara tatu ni shaba."

"Shaba?" Bi Makbule alikuwa amesimama, na wakili kabaki na kipande cha kitambaa cha mkono wa gauni lake. "Mimi, binti wa Haji Osman, nimvishe mkwe shaba? Ziko kabatini kwangu, Döndü, ndani ya mfuko wa mahameri, zote kumi na moja, nimezivaa Ijumaa hii iliyopita, na hii mikono yangu, njoo utazame, kijani iko wapi? Na risiti ninayo. Twendeni kwa sonara sasa hivi zikapimwe, na wewe utangulie."

Nurullah akamvuta vazi. "Mama, wakili alisema usi—"

"Nenda kwa njiwa wako."

Hakimu akapenga pua yake polepole. Akamgeukia karani. "Andika," akasema. "Bangili zote kumi na moja zipo kabatini kwa mdaiwa. Na ni dhahabu." Kisha akamuuliza Hürü kama bado anashikilia zilikuwa shaba.

Hürü akainamisha kichwa kwa adabu zote. "Mama mkwe wangu hasemi uongo, Mheshimiwa. Akisema ni dhahabu, ni dhahabu."

Hukumu ilitoka siku ileile, lakini Bi Makbule hakuisikia vizuri, alikuwa ameshatangulia nyumbani kuchukua mfuko. Yule wakili walimwacha kakaa benchini, Sevim akimpepea na faili.

Kwa sonara msafara ulifika na watu hamsini na mbwa wawili. Bi Makbule alizitoa bangili moja moja kwa mkono wake, na kila moja ikipimwa, sonara akitikisa kichwa kuwa ndiyo, karati ishirini na mbili, alimgeukia Döndü akamwambia, "Umesikia?" Mara kumi na moja. Ya mwisho ilipotua kwenye mzani alikuwa hana bangili hata moja, na kichwa chake kilikuwa juu kuliko siku ya harusi. Sonara akamsogezea Hürü rundo zima.

Hürü akavaa tatu. Nane akazirudisha mezani, akasema anauza, leo hii, kodi ya duka inasubiri. Sonara akagonga vidole, akataja bei.

Bi Makbule, aliyekuwa mlangoni akitoka, akasimama. Akarudi. Akauweka mkoba wake juu ya kaunta kama mtu aliyekuja kukaa.

"Bei gani hiyo?" akamwambia sonara. "Hizo ni za kusokotwa kwa mkono. Wewe unamwona huyu mtoto hajui kitu. Hürü, usikubali, kaa chini. Ongeza, bwana we."

Sonara akaongeza. Bi Makbule akasema hiyo ni bei ya bati. Hürü akaketi. Döndü akagawa mbegu kwa walio mlangoni, sonara akaagiza chai, na bei ikapanda mara nne kabla glasi hazijapoa.