Foleni ya Malaba Niliyoipeleka Busia

Siombi msamaha, nasimulia tu. Nina ukurasa wa Facebook ambao madereva wa malori huufungua asubuhi kujua foleni ya mpakani Malaba ikoje. Jumatatu nilikuwa Tororo kwa dada yangu, chai mezani, sina hamu ya kwenda kupiga picha. Nikabandika ya zamani, nikaandika, "Malaba leo hapapitiki."

Mchana nikaenda zangu Busia, mpaka wa jirani. Malori yalikuwa yameziba barabara yote. Bodaboda ikanishusha, nikatembea kwenye tope nikilaani.

"Kaka, leo nyote mmefuata nini huku?" nikamuuliza dereva mmoja.

"Tumekimbia Malaba, dada." Akanionyesha picha yangu.

"Picha safi," nikamwambia. Sikuweza kujizuia.

Akaikuza kwa vidole. "Ngoja. Hili lori la mbele ni langu, hili hili nililokalia. Hapa nilikuwa mwaka juzi."

Akasogeza mpaka kwenye kona, pale ninapoweka sura yangu ili watu wasiniibie kazi. Akatazama simu, akanitazama mimi.

"Dada, huyu si wewe?"

"Ni mimi," nikasema. "Na lori lako limetokea vizuri."