Mkanda Niliovishwa Mapema

Juzi niliingia duka la sare katika mji wa Kisii kumnunulia binti yangu nguo za karate. Muuzaji alipozitoa kwenye plastiki na kuzikung'uta, harufu ya kitambaa kipya ikanijaa puani: pamba nzito yenye wanga, inayokwaruza koo kidogo. Binti yangu alikuwa akirukaruka kwa furaha. Mimi nilishika kaunta. Muuzaji akaniuliza kama nasikia kizunguzungu, nikamwambia ni jua. Jua lenyewe halikuwepo. Mvua ilikuwa ikinyesha, kama inavyonyesha Kisii karibu kila alasiri.

Nyinyi nitawaambia ukweli. Harufu ile ilinirudisha kwetu Ogembo, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, katika bwalo la shule yetu ya msingi.

Mazoezi yalikuwa Jumapili alasiri. Jumamosi isingewezekana, maana nyumbani kwetu ni Waadventista na siku ya Sabato hata kupiga teke hewani kulihesabiwa kuwa kazi. Tulisukuma meza ukutani, tukafagia punje za githeri, mahindi na maharagwe yaliyobaki tangu Ijumaa, tukavua viatu. Sakafu ya saruji ilikuwa baridi kiasi kwamba dakika chache za kwanza tulirukaruka kama kuku juu ya mabati.

Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Obare, mwalimu wa hisabati wa darasa la sita. Karate alijifunzia Nakuru ujanani. Alikuwa mfupi, mpole wa sauti, na alikuwa na tabia ya kuvuta sikio lake mwenyewe kila mwanafunzi alipokosea, kana kwamba kosa ni lake. Wazazi walipomuuliza mtoto atachukua muda gani kufikia mkanda mweusi, alijibu, "Labda miaka sita. Labda saba. Labda hapana." Wengine walicheka. Baba yangu hakucheka.

Baba alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Alikuwa mtu wa suti hata sokoni, mtu aliyenipenda kwa sauti kubwa. Kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, aliniita "mama," na wageni walipokuja alitaka niwaonyeshe teke moja pale sebuleni, kati ya makochi. Siku moja nilipiga birika la chai. Lawama zote alilitupia birika.

Mwenzangu katika mazoezi alikuwa Atieno. Mama yake alitoka Homa Bay, naye aliuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Ogembo. Atieno alinizidi miaka miwili, alisoma shule nyingine ya chini ya barabara, na alijua matusi ya Ekegusii, lugha yetu, kuliko mimi niliyezaliwa nayo. Kikundini alikuwa wa kwanza tangu mwanzo. Nilipojiunga nikiwa na mkanda mweupe, yeye tayari alikuwa na wa kijani. Nilipopata wa kijani, yeye alikuwa ameuchakaza wa kahawia mpaka pindo zikageuka rangi ya mchanga. Alipoanza kata, yaani ule mpangilio wa mapigo tunaoufanya peke yetu bila mpinzani, hata watoto wadogo waliacha kunong'ona.

Jioni moja Mwalimu Obare aliitwa nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa jikoni nikisugua sufuria, na mlango wa sebuleni haukufungwa vizuri.

"Mwalimu," Baba alisema, "kule mjini mtoto wa rafiki yangu amevishwa mkanda mweusi kwa mwaka mmoja na nusu tu. Sisi tunachelewa wapi?"

"Kila mtoto na mwili wake, mwenyekiti."

"Hata huyu wangu?"

"Huyu wako anakwenda vizuri. Lakini bado ni wa kijani."

Baba akammiminia chai. Kisha, kwa sauti ileile ya kukaribisha wageni, akasema, "Na kuna hili jambo la bwalo. Wazee wa bodi wananiuliza mbona watoto wasio wa shule yetu wanaingia humo kila Jumapili. Mimi ndiye huwatuliza."

Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni kwa muda mrefu. Mwalimu Obare hakuwa na desturi ya kutia sukari.

"Mwezi wa nane kutakuwa na mtihani," alisema mwishowe.

Niliacha kusugua sufuria, nikasogea mpaka mlangoni. Nilielewa, wenzangu. Msidhani mtoto wa miaka kumi na miwili haelewi mambo kama yale. Nilielewa pia kwamba watoto wasio wa shule yetu walikuwa wachache, na wa kwanza wao ni Atieno. Lakini chini ya kuelewa huko kulikuwa na kitu kingine kilichonipasha moto kifuani, na hicho nitakisema baadaye.

Siku ya mtihani Baba alikuja na simu yake ya kupigia picha. Nilianza kata yangu vizuri, halafu katikati nikasahau. Nilisimama mkono mmoja hewani, nikiwa sijui nigeuke kulia au kushoto. Mwalimu Obare aligeuza uso akatazama dirishani, kwenye mashamba ya chai, kana kwamba kuna mtu anamwita kule. Aliporudisha macho nilikuwa nimekwisha kubahatisha na kuendelea. Sikio lake hakulivuta.

Atieno alifanya yake baada yangu. Sina la kuongeza, ila kwamba mpishi wa shule, aliyekuja kuchukua ndoo zake, aliziweka chini mpaka Atieno alipomaliza.

Mwalimu alimwambia angojee mtihani wa Desemba; mtoto wa shule nyingine asingevishwa siku moja na binti wa mwenyekiti. Mimi nikavishwa mkanda mweusi. Ulikuwa mgumu kama kamba ya kufungia ng'ombe, na nilishindwa kuufunga; ncha moja ilifika gotini, nyingine haikutosha fundo. Watoto walianza kucheka. Atieno akatoka mstarini, akapiga magoti mbele yangu, akaufungua na kuufunga upya taratibu.

"Simama wima," aliniambia. "Baba yako anapiga picha."

Hakuniangalia usoni. Hilo tu ndilo alilonifanyia. Angeweza kuniacha nichekwe, wala nisingemlaumu.

Wiki chache baadaye tulikwenda Nyamira kwa mashindano ya vikundi vya wilaya za karibu. Huko ndiko nilikojua kwamba mkanda si pambo. Waamuzi walitupanga kwa rangi. Atieno aliwekwa na wa kahawia, akawashinda wote. Mimi niliwekwa na wa mkanda mweusi, na kati yao wasichana walikuwa wanne tu, wote wa sekondari isipokuwa mimi.

Mwalimu Obare aliwaendea waamuzi. Nilimwona akiongea, mikono nyuma, akiinamisha kichwa. Alirudi akampigia Baba magoti, namaanisha alichuchumaa kando ya kiti chake. "Mwenyekiti, tumtoe. Tuseme anaumwa tumbo."

"Tumekuja mpaka Nyamira kuumwa tumbo?" Baba alisema, na watu waliokuwa karibu wakacheka.

Mwalimu akanigeukia. "Kerubo, wewe unasemaje?"

Nikasema nitapigana.

Yule msichana wa Nyamira hakuwa mkatili. Aliinama vizuri, akanitabasamia. Aliona mkanda mweusi akapigana na mkanda mweusi. Alifagia mguu wangu kabla sijajua umeguswa, nikaanguka juu ya bega. Nilisikia sauti ndogo, kavu, kama mtu amevunja ukuni wa kuwashia moto, nikashangaa nani anawasha moto ukumbini. Halafu maumivu yakaja.

Mwalimu Obare alikuwa amekwisha kuingia uwanjani kabla mwamuzi hajainua mkono. Mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, ulikuwa umevunjika. Waliponifunga bega kwa leso, mwamuzi mkuu, mzee mwenye nywele nyeupe, alinitaka nimwonyeshe kata ya mkanda wangu, kwa maneno tu, hatua baada ya hatua. Nilifika palepale katikati nikakwama.

"Nani alimvika mtoto huyu mkanda huu?" aliuliza.

Nilimtazama Baba. Alikuwa ameinamia simu yake, akiifuta kioo kwa tai. Nilijua nilichosikia jikoni. Mdomo wangu ulikuwa mzima. Lililovunjika lilikuwa bega.

"Ni mimi," Mwalimu Obare alisema. "Niliona yuko tayari. Nilikosea."

Wakamnyang'anya ruhusa ya kutahini mtu yeyote. Desemba ikafika, na mtihani wa Atieno haukuwepo. Mwaka uliofuata mama yake alirudi Homa Bay. Nilisikia kwamba kikundi cha huko hakikutambua mikanda ya mwalimu aliyefutwa, wakamwambia aanze na mweupe. Alijaribu mwezi mmoja, akaacha. Katika bwalo letu, Jumapili, meza zilibaki mahali pake.

Baba hakulizungumza tena, isipokuwa mara moja, tukiwa njiani kwenda hospitali. "Yule mwalimu alikuharakisha, mama," alisema. Naamini alikuwa ameshaanza kuliamini hilo kwa moyo wake wote, na mpaka leo, mzee sasa, anamsimulia mtu yeyote jinsi mwalimu fulani alivyotaka kumlemaza binti yake.

Mwalimu Obare alikuja hospitalini siku ya pili na ndizi mbivu. Baba alikuwa ametoka. Nilimwambia, nikilia, kwamba nilisikia yote kutoka jikoni.

"Najua," alisema. "Niliona miguu yako chini ya mlango."

"Mbona hukusema?"

Akamenya ndizi akanipa, kwa sababu mkono wangu mmoja ulikuwa umefungwa. "Wewe kula. Mimi nilitaka bwalo, baba yako alitaka picha. Wewe hakuna aliyekuuliza kama unautaka ule mkanda. Usijitie lawama."

Kwa miaka mingi niliamini alijitwika lawama ili kumhifadhi Baba, au kuihifadhi kazi yake. Nilikuwa nimekwisha kuwa mama ndipo nilipoelewa. Angemtaja Baba pale Nyamira, ukumbi mzima ungegeuka kunitazama mimi, mtoto aliyeombewa mkanda na baba yake, nikiwa sakafuni na bega limevunjika. Hakutaka nitazamwe hivyo. Alipendelea atazamwe yeye.

Lakini katika jambo moja alinihurumia kupita kiasi, nami nikakubali huruma hiyo, nikala na ndizi. Ni kweli hakuna aliyeniuliza. Lakini kile kitu kilichonipasha moto kifuani jioni ile jikoni, niliposikia neno "mtihani," kilikuwa furaha. Nilimfikiria Atieno, nikajua atanyimwa, na bado nilifurahi. Wangeniuliza, ningesema ndiyo.