Kitanda cha Malkia

Mwaka 1999 Gorreti Nambozo, mjane wa askari jela na mpiga chapa hodari wa mjini Mbale, alikuwa na nyumba mbili. Moja ilikuwa vyumba viwili vya kupanga katika mtaa wa Namakwekwe. Nyingine ilikuwa ndani ya mchezo wa kompyuta, uliochezwa na watu wa nchi nyingi kwa pamoja kupitia laini ya simu. Mchezo huo haukuwa na picha. Kila mchezaji alijichagulia jina, akapewa kiwanja kitupu, kisha akajenga kwa maneno. Alichokiandika ndicho ambacho mgeni alikisoma alipoingia.

Gorreti alijiita Malkia. Jioni, kazi ilipokwisha, mwenye ofisi alimruhusu kutumia kompyuta, naye akaongeza hiki na kile: makochi yenye vitambaa vya kufuma, jiko linalonukia mchuzi wa karanga. Chumba cha kulala alikipamba kuliko vyote. Aliweka kitanda cha mvule, neti nyeupe, na shuka za aina ambayo hakuwahi kulalia maishani mwake.

Wageni wa Ulaya walisifu kwa Kiingereza, wakapita. Mmoja tu, aliyejiita Kifaru, aliandika Kiswahili. Alisema amekulia kambini kwa baba yake mwanajeshi. Gorreti, ambaye Kiswahili chake kilitoka katika nyumba za askari jela, alifurahi mno, wakazoea kutaniana.

"Mama Docus, unacheka na nani?" Ramula, mwenzake wa ofisini, alimwuliza.

"Na kifaru."

"Haya, mlete tumwone pembe!"

Alhamisi moja kompyuta iliandika: Kifaru ameketi kitandani.

"Malkia, kitanda hiki kinanizidi cheo," Kifaru akaandika. "Leo sirudi nyumbani Walukuba."

"Lala tu, bwana. Malkia hafukuzi mgeni."

"Mke wangu atanifuata na mwiko! Huyajui makali ya Docus, binti wa Namakwekwe. Mpaka kwa Nilesh dukani ananifuata."

Gorreti aliondoa vidole kwenye mashine kana kwamba imemchoma. Mume wa binti yake Docus, kijana Odongo, alikuwa karani katika duka la kompyuta la Nilesh, mjini Jinja.

Kwao Gorreti, mama mkwe na mkwe hawapeani mkono wala hawali pamoja. Odongo alipokuja Namakwekwe alisalimia akiwa uani, naye Gorreti aliitikia akiwa ndani. Mkwe kukiona kitanda cha mama mkwe ni fedheha, kukikalia hakusemeki.

"Mbona umejifunika uso?" Ramula alishangaa. "Hayo ni maneno tu. Hapo hakuna kitanda."

"Nimekitandika mwenyewe, Ramula. Tena nimemwambia alale."

Jumamosi Odongo na Docus walikuwa wanamleta mjukuu wa kwanza. Gorreti akinyamaza, kijana ataendelea kuingia na kutania bila kujua. Akisema, huenda asikanyage tena uani kwake. Gorreti alianza kufuta: shuka, neti, kisha kitanda.

"Ee Malkia, umeniangusha chini!"

"Toka, mkwe wangu," aliandika, na herufi zikamponyoka mara mbili. "Mimi ni mama yake Docus."

Kompyuta ikaandika: Kifaru ametoka nje. Na chini yake: Kifaru ameacha mchezo.

Jumamosi Docus alifika na mtoto mgongoni, peke yake.

"Odongo anaumwa tumbo," alisema. "Tangu Alhamisi hali chakula. Nikikutaja tu, anatoka nje."

"Mpe pole."

"Mama, mmegombana lini, nanyi hamjawahi hata kuzungumza?"

Gorreti aliinama kumfungua mtoto kamba za kofia. Kofia haikuwa na kamba.