Kamba ya Kiunoni mwa Mwanangu

Mkasi wa infirmière, muuguzi wa hospitali, ulipokata kamba kiunoni mwa mwanangu, uvumilivu wangu uliishia palepale. Nilimpeleka hospitali ya Beni na homa. Lakini yeye hakuanza na homa. Alianza na kamba ya pori, akaitupa mu ndoo ya pamba chafu.

"Mama, hii ni uchafu. Hapa ni hospitali, hapana pori."

Wamama kwenye benchi wakacheka. Mmoja akasema, "Bambuti na dawa yao."

"Na hiyo medali ya Bikira mu shingo yako, mama infirmière," nikamuuliza, "nani aliwahi kuikata?"

Akajaza sindano. Sindano ya homa niliikubali. Sikuja kupigana na dawa.

Rafiki yangu, wewe hukukulia kambi yetu sisi Bambuti, watu wa pori, nyuma ya Mbau, basi nikuambie. Kabla ya vita tuliamshwa na mlio wa koko, mama ya mama yangu, akiponda gome la mti liwe kitambaa. Mimi nilichota maji na kupepea moto. Malipo yangu yalikuwa sega la asali lenye harufu ya moshi bado. Mwanamke akishikwa na uchungu, koko alimkalisha akichuchumaa, mgongo juu ya kifua cha dada yake. Mutoto aliogeshwa kwa maji yanayotoka ndani ya kamba ya pori, ule mmea unaotambaa juu ya miti, ikikatwa, kisha kipande chake kikafungwa kiunoni. "Sasa pori inamujua," koko alisema. Yangu niliivaa mpaka shule ya masista, na hata masista hawakuigusa.

Halafu vita. Wenye bunduki waliingia porini, sisi tukakimbilia Bungulu, mtaa wa Beni, chini ya bâche, mahema ya turubai. Mimba yangu ilipokomaa, koko alirudi pori kutafuta kamba, pamoja na wanawake wawili wa kambi. Alirudi peke yake, kamba ndani ya kitambaa, na mpaka leo hasemi walikutana na nini. Kwenye maternité, wodi ya wazazi, walimfungia nje. Mimi wakanilaza chali kama mbuzi, nikavumilia. Kamba koko aliifunga kiunoni mwa mwanangu tulipotoka.

Sasa wifi yangu naye amekaribia kuzaa. Dada yake alizalia chini ya bâche, damu ikamwishia hapo. Alipoona kiuno kitupu cha mwanangu, wifi alisema, "Hospitali yako, baki nayo. Siendi."

Mlio wa gome siusikii tena popote. Porini kuna risasi, chini ya bâche kuna kikohozi. Nikaandika, nikapeleka mwenyewe kwenye bureau, ofisi ya hospitali, nikangoja wagonge muhuri:

"Mukubwa wa hospitali, naleta plainte, malalamiko yangu. Mwanamke wa Kimbuti aachwe azae akichuchumaa, na mama yake awe karibu. Kamba ya mutoto isiguswe bila kuuliza. Yetu irudishwe. Kama mmeichoma, andikeni hapa chini jina la mtu wa hospitali atakayeingia pori kutukatia ingine."